Leso ni nini hasa? Nina siku mbili tu

Mkwaju Mbichi: Assalam alaykum. Neno "leso" asili yake nini? Mie najua ni kitambaa cha mkono. Nataka jawabu la uhakika, nina siku mbili.

Pindo Nne: Waalaykum salaam. Ni la Kireno, lenço, kitambaa cha mkononi au cha kichwani. Unguja limebaki hapohapo, Mombasa leso ni kanga. Karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado jora, wakakata vipande sita, vitatu juu vitatu chini, wakaunga. Nguo ile ikabeba jina la kitambaa. "Kanga" ni kwa madoadoa, kama ya yule ndege.

Fundi Uzi: Doti, yaani kanga mbili zilizoshikana, ukiikata, pita kwa mkasi pale pindo mbili zinapokutana. Usiichane kwa mkono, chapa mara nyingi haiendi sambamba na nyuzi, upande mmoja utabaki na pindo nyembamba. Kisha kunja mara mbili ndio upige cherehani.

Bi Mwanamji: Fundi, hujaulizwa kushona. Mwanangu, siku mbili za nini?

Mkwaju Mbichi: Napeleka posa. Orodha ya mavyaa inasema "leso sita".

Bi Mwanamji: Kwao wapi?

Mkwaju Mbichi: Mombasa. Lakini nishanunua vitambaa sita vya mkono, vya pamba, vimetariziwa jina la mchumba. Na kwa asili ya neno sijakosea!

Pindo Nne: "Gereza" nalo ni la Kireno, igreja, kanisa. Kwa hoja yako wafungwa wote wako ibadani.

Mtu wa Wete: Uzi wa kutunga huu. Posa gani bwana harusi anajisomea orodha mwenyewe? Wazee wako wapi? Tuma picha ya vitambaa.

Mkwaju Mbichi: Wallahi kweli. Orodha kaipokea shangazi, kanitumia kwa simu. Picha situmi, fundi kakosea herufi moja.

Mtu wa Wete: Sasa ndio naamini.

Bi Mwanamji: Mwambie shangazi aulize: pande sita, yaani doti tatu, au doti sita? Ukinunua, usizikate. Na soma jina, yale maandishi ya kanga, kabla hujalipa, usije ukampelekea mavyaa "Hasidi hana sababu".

Mkwaju Mbichi: Shangazi kauliza. Doti sita, na moja iwe kisutu, ile kanga ya harusi. Sokoni Darajani, hapa Unguja, wanafunga saa ngapi?