Tupeane uzoefu: uliyewahi kutofautiana na viongozi wa kanisa lako juu ya mafundisho, ilikuwaje?

Wapendwa katika Bwana, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo wengi hulinong'ona baada ya ibada lakini hawalisemi kikaoni: kutofautiana na mchungaji, padre, askofu au baraza la wazee, si kwa sababu ya fedha wala mwenendo, bali kwa sababu ya mafundisho yenyewe. Tafadhali asitajwe mtu wala kanisa. Tuelezane hoja ilikuwa ipi, ilipelekwa kwa nani, na jibu likawa lipi.

Naanza mimi. Nilikuwa nikifundisha darasa la Biblia la vijana wakati mchungaji wetu alipohubiri kwamba mshirika anayehoji mafundisho ya mtumishi anajitafutia laana, akasimamia Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu." Kijana mmoja aliniuliza darasani masihi hao ni akina nani, nami nikawaambia wasome kuanzia mstari wa 8. Wanaotajwa pale ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokuwa watu wachache wanaohama taifa hata taifa, na wanaokemewa kwa ajili yao ni wafalme. Aliyeonywa ni mwenye nguvu, aliyelindwa ni mgeni asiye na mtetezi. Juu ya kupima mahubiri, zaburi hiyo haisemi lolote. Habari zikamfikia mchungaji, akaniita ofisini. Hakubishana nami juu ya muktadha. Aliniuliza tu, "Nani amekupa mamlaka ya kufasiri?" Nikamjibu kwa Waberoya wa Matendo 17:11, waliosifiwa kwa kuyachunguza maandiko ingawa waliyekuwa wakimpima ni Paulo mwenyewe; naye akanijibu kwa Waebrania 13:17, "Watiini wenye kuwaongoza." Tukaachana hapo, kisha nikapumzishwa kufundisha kwa barua fupi isiyotaja aya hata moja. Tangu siku hiyo naamini kwamba ugomvi wa namna hii mara nyingi si wa aya, bali ni wa nani mwenye neno la mwisho juu ya aya. Karibuni.

Mzee wa kanisa, Mpresbiteri:

Kwetu swali hilo la mamlaka lina jibu lililoandikwa, na ndiyo maana nashauri mtu asome ungamo la kanisa lake kabla hajaenda kubishana. Ungamo la Westminster, yaani tamko la imani la makanisa ya Kipresbiteri lililotungwa katika miaka ya 1640, linasema katika sura ya 1 kwamba mwamuzi mkuu wa mabishano yote ya dini ni Roho Mtakatifu anenaye katika Maandiko, na katika sura ya 31 linakiri kwamba sinodi na mabaraza yaweza kukosea, na kwamba mengi yamekosea. Mchungaji wetu alipoanza kufundisha kwamba asiyenena kwa lugha hana Roho, sikusimama katikati ya ibada. Niliandika barua kwa baraza la wazee nikiweka swali la Paulo katika 1 Wakorintho 12:30, linalodhihirisha kwamba si wote wanenao kwa lugha, pamoja na maneno ya ungamo ambalo sote tuliapa kulishika. Baraza liligawanyika, shauri likapanda presbiteri, yaani baraza la juu linalosimamia makanisa kadhaa, na huko mchungaji akaelekezwa kuyaacha mafundisho hayo. Lilichukua muda mrefu, na baadhi ya familia zilihama kabla halijaisha, tena za pande zote mbili.

Katekista, Mkatoliki:

Ndugu zangu Waprotestanti mnazungumza kana kwamba Maandiko husimama peke yake, lakini kwetu Maandiko na Mapokeo hupokelewa pamoja, na kazi ya kuyafafanua rasmi ni ya Mamlaka Fundishi, yaani Papa na maaskofu walio pamoja naye. Hata hivyo Dei Verbum, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1965 juu ya Neno la Mungu, namba 10, inasema kwamba Mamlaka hiyo haiko juu ya Neno la Mungu, bali inalitumikia. Jambo langu lilihusu mama aliyefiwa na mtoto mchanga kabla ya ubatizo. Kiongozi mmoja wa kikundi cha sala alimwambia, mbele ya watu waliokuja kumfariji, kwamba mtoto huyo hana tumaini, akamtajia Yohana 3:5, juu ya kuzaliwa kwa maji na kwa Roho. Nilikwenda kwa paroko nikiwa na Katekisimu mkononi, namba 1261, ambapo Kanisa linawakabidhi watoto wa namna hiyo kwa huruma ya Mungu na kuruhusu tumaini kwamba iko njia ya wokovu kwao. Paroko alisita, maana kiongozi yule alikuwa mtu wake wa karibu. Nikamkumbusha kwa heshima kanuni ya 212 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, inayowapa waamini haki, na wakati mwingine hata wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao maoni yao juu ya mambo yahusuyo manufaa ya Kanisa. Jumapili iliyofuata aliisoma namba ile altareni, bila kumtaja mtu. Yule mama alikuwapo.

Mshirika wa zamani wa huduma ya kinabii:

Nawaonea wivu ninyi wenye ungamo na kanuni. Kwetu hapakuwa na andiko lolote la kukatia rufaa, kwa sababu kiongozi alipoishiwa aya alisema, "Bwana amenionyesha." Nilimsomea 1 Wakorintho 14:29, "Na manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue," nikamwuliza hao wengine katika huduma yetu ni akina nani. Alisema kupambanua ni kazi ya wenye upako uliozidi wake, na kwamba hajamwona mtu wa namna hiyo. Sasa hapo utakata rufaa wapi? Niliondoka kimya kimya, na tangazo likatolewa kwamba nimerudi nyuma. Watu tulioomba pamoja usiku kucha waliacha kupokea simu zangu, na hilo liliniuma kuliko tangazo.

Mama, mwalimu wa shule ya Jumapili:

Mimi nilikatazwa kufundisha watu wazima kwa 1 Timotheo 2:12, ambapo Paulo hampi mwanamke ruhusa ya kufundisha. Nikauliza kuhusu Prisila, ambaye pamoja na mumewe Akila alimfafanulia Apolo njia ya Mungu kwa usahihi zaidi katika Matendo 18:26. Jibu ni kwamba yale yalifanyika nyumbani, si kanisani. Sikuridhika, lakini angalau walinijibu kwa Maandiko, kwa hiyo nimebaki na bado nauliza.

Mchungaji:

Naomba upande wetu nao usikike. Wapo wanaokuja na aya zilizookotwa mahali fulani, hawataki jibu, wanataka ushindi. Lakini yupo kijana aliyenijia faragha, kama Mathayo 18:15 inavyotaka, akasema kwamba maneno juu ya Baba, Neno na Roho katika 1 Yohana 5:7, niliyoyatumia kuthibitisha Utatu, hayamo katika nakala za kale za Kiyunani. Ni kweli: Erasmus, msomi aliyechapisha Agano Jipya la Kiyunani, hakuyaweka katika matoleo yake ya mwaka 1516 na 1519, akayaingiza katika lile la 1522 baada ya kulaumiwa. Fundisho la Utatu halikuanguka kwa hilo, kwa kuwa Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 haukulijenga juu ya aya hiyo, na Mathayo 28:19 ipo. Kijana yule sasa nampa mahubiri yangu ayapitie kabla ya Jumapili. Baadhi ya wazee hawakupenda.

Mwanzisha mjadala:

Mchungaji, ahsante. Wazee hao walipinga kwa sababu ya umri wa kijana, au kwa sababu hana cheo? Na wengine mliopeleka hoja zenu kwa maandishi, tuelezeni ni nani aliyezipokea kwanza, na kama mlipewa nafasi ya kujitetea kabla ya uamuzi kutolewa.