Waliowahi kurudi kwenye miji yao ya zamani ya Minecraft, mlikuta nini? Tupeane uzoefu

Mwashi Mvivu

Wakuu salaam,

Juzi nilikuwa napekua diski ya kompyuta yangu ya zamani nikitafuta picha fulani, nikaangukia folda ya dunia zangu za Minecraft, lile gemu la kujenga kwa bloku. Kumbe ule mji wangu wa enzi za kati bado upo! Niliuanza 2012, nikautelekeza 2014: ukuta, malango mawili, handaki la maji, mnara wa kanisa, soko, na nyumba kama 30 za boriti na chokaa. Picha nikazisahau hapohapo.

Gemu likanionya kwamba dunia hii ilichezwa mara ya mwisho kwenye toleo la zamani, nitunze nakala kwanza. Nikatunza (na nyie fanyeni hivyo, msiwe wabishi). Nikabofya.

Nikajikuta darini kwenye nyumba iliyoezekwa nusu. Usiku, mvua inanyesha, mkononi nina mienge 3. Mbele yangu kibao nilichokipachika mwenyewe: NIKIRUDI NAMALIZIA PAA.

Kibao nilicheka. Ngano ndiyo iliyonikalisha kimya. Shamba la nyuma ya ukuta, nililolipanda siku ile ya mwisho, lilikuwa na vichipukizi vilevile. Gemu hili linashughulika na kilicho karibu na mchezaji tu, ukitoka kila kitu kinasimama. Mimi huku nimemaliza shule, nimeajiriwa, nimeachishwa, nimeajiriwa tena. Ngano haijaongeza hata jani.

Halafu nyuma ya kanisa nikakuta kibanda cha ajabu: ukuta mzima ni milango, nimehesabu 24, na hakuna hata mmoja unaokwenda popote. Nilikaa kidogo ndipo nikakumbuka. Zamani gemu lilihesabu nyumba za kijiji kwa milango, kwa hiyo ukitaka wanakijiji wazaane unapachika milango tu. Toleo la 1.14 la mwaka 2019 likahamia kwenye vitanda. Mimi nina milango 24 na kitanda kimoja, changu. Wanakijiji wanazurura sokoni usiku kama wapangaji waliotolewa vyombo nje.

Haya, mlijenga nini sitaki kujua, tutajisifu mpaka kesho. Semeni mlikuta nini.

Kibatari

Wangu haukuungua miaka 6 yote nisiyokuwepo. Uliungua nilivyorudi.

Niliufungua kumwonyesha mdogo wangu. Karakana ya mhunzi ilikuwa na lava ndani ya tanuri la mawe, nami nilijiona mjanja kwa sababu haikugusana na ubao wowote. Kumbe lava haihitaji kugusa. Inaweza kuwasha mbao iliyo bloku kadhaa juu yake, ikipata nafasi ya hewa na muda. Wakati najenga sikuwahi kukaa pale, nilimwaga lava nikaondoka kwenda upande wa pili wa mji. Siku ya ziara tulisimama palepale tunabishana rangi ya paa, dogo anasema jekundu, mimi nasema hakuna mhunzi mwenye paa jekundu.

Dogo ndiye aliyeona kwanza. "Hiyo taa ya juu umeweka ya nini?"

Sikuwa nimeweka taa.

Mtaa wenyewe una upana wa bloku 3, na ghorofa za juu nilikuwa nimezitokeza pande zote mbili kama zilivyokuwa nyumba za kweli za enzi zile. Kwa hiyo juu kumebaki pengo la bloku moja. Moto ulivuka huku tunautazama. Habari za moto wa London wa 1666, ulioanzia kwa muoka mikate ukala nyumba zipatazo 13,200, nilizikariri shuleni nikapata na maksi. Kuzielewa nilizielewa siku hiyo, nikiwa na ndoo moja ya maji. Lilipona kanisa, kwa kuwa ni la mawe, na nyumba 4 zilizokuwa ng'ambo ya uwanja.

Mwashi Mvivu

Kwa hiyo ungebaki huko ulikokuwa, mji ungekuwepo mpaka leo.

Kibatari

Ndiyo hivyo mkuu. Mkosi mimi.

Jiwe la Pembeni

Kwa faida ya wengine: ukitaka moshi na mwanga kwenye dohani, tumia moto wa kambi, ulikuja na hilohilo toleo la 1.14. Hauunguzi nyumba. Lava iacheni kwenye mapango.

Popo wa Mnara

Mimi nilikuta mienge. Mienge kila mahali, mji una upele. Juu ya mapaa, juu ya ukuta, katikati ya barabara, ndani ya kisima! Nikawa najiuliza nilikuwa naumwa nini. Kisha nikakumbuka hofu ya miaka ile: zombi na kripa, yale majitu ya gemu, walikuwa wanatokea popote penye kipimo cha mwanga cha 7 kushuka chini, na kripa mmoja akijilipua sokoni umepoteza wiki nzima ya kazi. Tangu 1.18 iliyotoka 2021, hawatokei mpaka mwanga wa taa uwe 0 kabisa. Nilizunguka jioni mbili naing'oa, nimejaza masanduku. Mji umepumua. Nimeacha mmoja tu, ule wa ndani ya kisima, maana naamini niliuweka kwa sababu.

Asiyejulikana Sana

Mbwa wangu alikuwa amekaa palepale mlangoni nilipomwamuru akae. 2015.

Popo wa Mnara

Ulimwinua?

Asiyejulikana Sana

Nilimwinua. Akanifuata mpaka langoni, nikamrudisha. Nje kuna giza.

Mkata Mlima

Upande wa mashariki wa ukuta wangu dunia imekatwa kama kwa msumeno. Msitu unaishia kwenye mstari ulionyooka, halafu jangwa. Mlima una upande mmoja tu, ule mwingine ni genge wima la bloku 50. Waliocheza wakati wa 1.7 (2013) wananielewa: ramani ilibadilishwa namna inavyozalishwa, na ardhi ambayo ulikuwa hujaikanyaga ikaja kwa kanuni mpya na kugota kwenye ile ya zamani bila salamu. Siku hizi, tangu 1.18, gemu linajitahidi kulainisha maungio. Sisi tulibaki na makovu.

Nilirudi nikiwa na nia ya kuchonga lile genge liwe mlima wa kawaida. Nilichonga kama saa tatu, nikaona naharibu. Nikajenga lango la tatu linalotazama ule mstari, nikaweka na walinzi wa mapambo. Wageni wangu wote hupiga picha pale, ikulu niliyoihangaikia miezi minne hawaingii.

Mbegu 14

Mimi sikukuta kitu. Naruhusiwa kuchangia?

Diski ilikufa na mji ndani yake, nakala sina. Lakini mbegu ya dunia ile, yaani neno au namba ambayo gemu linaitumia kuzalisha ramani, nilikuwa naikumbuka, maana niliandika jina la utani la bibi yangu, na toleo nililochezea nalijua. Nikalipakua toleo lilelile, nikaandika lile jina, nikaingia.

Ardhi ni ileile. Kona ya mto ileile, kile kilima chenye mti mmoja, ule ufa ambao niliangukia siku ya kwanza nikapoteza kila kitu. Nilitembea kutoka mtoni nikihesabu hatua mpaka palipokuwa na lango. Nyasi. Nikaendelea mtaa wa mafundi, nikakata kulia kwenye nyumba ya saa, nikapanda ngazi. Nasema nikapanda ngazi, ila nilikuwa naruka juu ya udongo. Kondoo wawili walikuwa wanakula nyasi katikati ya kanisa.

Nilichimba palipokuwa na sanduku langu la akiba. Najua haiwezekani, msinifundishe. Nilichimba tu.

Mwashi Mvivu

Unaruhusiwa.

Boriti Mbili

Mimi nitaongea kiufundi kidogo. Nilipojenga nilikuwa na miaka 13 na picha moja ya Carcassonne, ule mji wa ngome wa Ufaransa. Nikarudi mtu mzima, baada ya kutumia muda mwingi mno kusoma habari za Guédelon, ile ngome inayojengwa hukohuko Ufaransa tangu 1997 kwa zana na mbinu za karne ya 13. Nikatembea mjini kwangu kama mkaguzi wa manispaa.

Makosa: ukuta una kimo cha bloku 40 na hauna ngazi ya kupandia. Walinzi walifikaje juu, nani ajuaye. Nyumba 60, visima hakuna. Ngome ina vyumba 18, vyote vitupu, kimoja nimekiandika CHUMBA. Boriti za ukutani nimezisimamisha zinaanzia hewani, hazibebi kitu na hazibebwi na kitu. Daraja la kuinuliwa halijawahi kuinuliwa.

Nilianza kubomoa ngome. Chini kabisa, sakafuni kwenye chumba cha 11, nikakuta bloku moja ya almasi imefunikwa na zulia. Almasi 9 hizo, na kwenye savaivo, ambako kila kitu unakitafuta mwenyewe, kwa mtoto yule ulikuwa utajiri wote. Sijui alimfichia nani. Nikarudisha zulia, na ngome nimeiacha na makosa yake. Visima nimechimba vitatu, hapo sikuweza kuvumilia.

Popo wa Mnara

CHUMBA 😂😂 mwanzisha uzi, paa umemalizia?

Mwashi Mvivu

Jana nimeingia. Nimewawekea wale wapangaji vitanda 24 mbele ya milango yao, kitanda kwa mlango. Ngano imeanza kupanda, nimesimama kuitazama mpaka ikafika kiunoni.

Paa bado. Kibao nimekiacha, nimepachika kingine chini yake: NIMERUDI. MBAO ZIMEISHA.