Moteri ya bwato inazimika katikati ya ziwa: ni etanoli ao ni mayi?

BwatoYaKituku (Goma):
Bayaya na bandugu, naomba munisaidie. Niko na bwato ya mbao inafanya Kituku na Idjwi, pa ziwa Kivu, moteri ni Yamaha ya 40, ile ya kuchanganya esanse na mafuta. Asubuhi inawaka muzuri, tukisha toka port kidogo nikiongeza gazi inakohoa, nguvu inashuka, inazima. Ukikamua ile pompa ya mukono inawaka tena halafu mbele kidogo shida ni ile ile. Buji nilisha badirisha. Fundi alifungua karbirateri akakuta takataka nyeupe nyeupe imeshika ndani, na tiyo ya esanse imelegea, inabanduka vipande vyeusi. Kadafi (muuzaji wa esanse ya barabarani) mwenye kuniuzia anaapa esanse yake ni safi, lakini kuko mutu pale port ananiambia siku hizi kuko esanse yenye alkoli (etanoli) ndani njo inaharibu mamoteri. Ni kweli ao ni maneno ya port tu? Nisaidieni haraka juu ile bwato inabeba bantu.

Kijana_wa_Birere:
Badirisha kadafi. Uzi umeisha 😂

FunditMuhanzi (Bukavu):
Yaya usimufukuze kadafi wa watu mbele ya kupima. Tafuta chupa nyembamba ya kuonesha ndani yenye mistari ya mililita, weka mayi 10, juu yake ongeza esanse 100, ile haiyachanganyika na mafuta. Funga, tikisa, acha itulie dakika kumi. Mayi na esanse bitaachana, mayi chini. Mustari wa chini ukibaki pa 10 hakuna etanoli. Ukipanda 15, 18, karibu 20, ni etanoli imetoka kwa esanse ikafuata mayi. Na pa kupima, tosha esanse chini kabisa ya bido, si juu, maana uongo unalalaka chini.

Sasa sikia kwa nini inasumbua. Etanoli inapenda mayi. Esanse yenye etanoli 10 kwa mia inaweza kubeba mayi kidogo bila wewe kuona, lakini mayi ikifika karibu nusu ya moja kwa mia inashindwa, etanoli na mayi vinaachana na esanse vinashuka chini pamoja. Bido ya litre 20, mayi mililita 100 tu inatosha, na bido yenye kulala ndani ya bwato usiku, kifuniko hakifunge, mvua ya Kivu, unafikiri itakosa? Kibaya zaidi kwa moteri yako ni hii: mafuta ya kuchanganya inabaki juu na esanse, na tiyo inavuta chini. Moteri inakunywa mayi na alkoli bila mafuta. Pale pistoni inakwaruza, na hiyo haitengenezwi na buji mupya.

Tiyo kubanduka ni alama, mipira ya zamani haivumilii etanoli. Lakini hata tiyo ikizeeka kwa jua tu inabandukaka, kwa hiyo pima kwanza.

MamaSambaza:
Bwana yangu aliambiwaka aweke alkoli ya hospitali kidogo ndani ya tanki ikunywe mayi. Je ni kweli?

FunditMuhanzi:
Mama hapana kabisa. Ile ya hospitali ya 70, sehemu 30 ni mayi. Unaongeza mayi juu ya mayi. Na dawa za kutunza esanse zinasaidia kama esanse ingali mupya na nzima, ikisha kuachana hakuna dawa ya kuirudisha, unamwaga kwa bido ingine.

Kijana_wa_Birere:
Basi kanyanga, pombe kali ya kwetu, je? 😂😂

Shofere_Lshi (Lubumbashi):
Maneno ya alkoli si ya port tu. Zimbabwe na Malawi wanachanganyaka etanoli ya miwa ndani ya esanse, Malawi tangu 1982. Magari yanatembea bila shida. Lakini gari inakunywa tanki yake inamaliza, bwato inalala juu ya mayi. Marekani walipokubali ile ya 15 kwa mia walikataza kuiweka kwa mamoteri ya bwato, ya 10 njo mwisho.

Mvuvi_Kalehe:
Fundi wangu alitaka kutoboa jikleri (katundu ka kupitisha esanse ndani ya karbirateri) iwe kubwa juu ya kukohoa. Afanye?

FunditMuhanzi:
Asiguse! Ziwa yetu iko mita 1460 juu, hewa ni nyepesi, moteri tayari inapata esanse nyingi kuliko hewa. Etanoli inaleta oksijeni, inavuta upande wa pili. Safisha jikleri, usiitoboe.

BwatoYaKituku:
Nimerudi. Nimepima mabido mbili mbele ya kuchanganya mafuta. Ya kadafi mustari ulibaki pa 10 kabisa, nimemuomba musamaha kwa siri. Ile niliuziwa na shofere wa lori ya kutoka mbali ilipanda karibu 18! Na chini ya tanki ya bwato nimekuta mayi ya wazi na utando, nusu ya glasi hivi.

Kijana_wa_Birere:
Kadafi nimekukosea, bei ibaki ile ile

FunditMuhanzi:
Basi kazi ni hii. Mwaga tanki yote kwa bido ya kando, osha, kausha. Tiyo nunua ya moteri ya bwato yenye kuandikwa SAE J1527, na kati ya tanki na moteri weka filitre ya kutenga mayi, ya mikroni 10, uwe unaikagua kila wiki. Mafuta ya kuchanganya ni ya moteri ya bwato, yenye kuandikwa TC-W3, litre moja kwa esanse litre 50, si yale ya pikipiki. Bido ya shofere wa lori kama esanse ingali safi haijaachana, imalize upesi kwa safari za karibu na ufuo, usiichanganye na ya kadafi. Tanki ijae usiku, hewa kidogo ndani ni mayi kidogo. Na ile ya chini, mayi na alkoli, usiimwage ziwani, bantu wa Idjwi wanakunywa pale.