Tupeane uzoefu: takwimu ilikuingia akilini lini, wewe uliyesoma saikolojia?

mtu_wa_likoni:
Wadau hamjambo. Mie nilichagua saikolojia nikijua nimeikimbia hesabu, nilidhani ni mambo ya ndoto na utoto na kwa nini mtu analia usiku, kumbe mwaka wa kwanza hata haujaisha naletewa takwimu, nikaanguka, nikawekwa sapu, yaani mtihani wa kurudia. Na hiyo sapu ningeanguka vilevile kama si feri.

Nilikuwa navuka kila asubuhi kwenda klasi, nikaanza kuandika nyuma ya daftari dakika ninazongoja, kwa hasira tu. Siku tano: 5, 10, 20, 30, 35. Wastani 20. Rafiki yangu anatoka Bamburi na matatu, yeye kungoja kwake ni 18, 19, 20, 21, 22. Wastani 20 pia! Sasa mbona yeye hachelewi na mie nishafungiwa mlango mara mbili? Nikakaa kwenye ngazi nikapiga kwa mkono, kila namba toa 20, zidisha kwa yenyewe, jumlisha zote, gawa kwa 4, tafuta kipeuo cha pili. Yangu ikatoka kama 12.7, yake 1.6. Ndo hiyo standadi devisheni nilokuwa naikariri kama dua bila kujua inasema nini, kumbe inasema namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwa wastani. Toka hapo nikiambiwa kipimo cha akili (IQ) cha Wechsler kina wastani 100 na devisheni 15, nawaona watu kabisa, kama 68 katika kila 100 wako kati ya 85 na 115, wale wengine wametawanyika huku na huku.

Haya nyie je?

binti_kongowea:
Mimi mediani. Tulitumwa kuuliza akina mama wa sokoni faida ya siku, kwa ajili ya utafiti wa msongo wa mawazo. Wangu saba: 400, 500, 500, 600, 700, 800, na mmoja 14,000 maana yeye ni wa jumla, anashusha lori zima la viazi. Nikaandika kwa madaha "mama wa Kongowea hupata wastani wa shilingi 2,500". Nikamsomea yule wa 400, akanitazama kutoka juu mpaka chini akaniuliza, mwanangu, hizo zangu 2,100 zilobaki nikazidai wapi? 😂 Zipange kwa mstari, wa katikati ana 600. Nikafuta ukurasa mzima.

mjukuu_wa_kibokoni:
P valyu, yakhe. Kwenye projekti niliandika "p ni 0.03, kwa hivyo nadharia tete yangu ni kweli kwa asilimia 97", supavaiza akaizungushia kalamu nyekundu hata neno hakuandika.

Sasa nyanya yangu huapa ati akionja mbaazi anajua kama tui ni la nazi ya kukunwa kwa mbuzi au la pakiti. Nikasema leo ni leo. Fisher, yule Mwingereza wa takwimu, ana hadithi kama hiyo ya chai, mama alosema anajua kama maziwa ndo yaliyotangulia kikombeni, wakaweka vikombe 8. Mie nikapika sufuria mbili, nikapakua bakuli 8, nne za mbuzi nne za pakiti, nikazichanganya, nikamwambia nichagulie zile nne za mbuzi. Njia za kuchagua nne katika nane ni 70, kwa hivyo mwenye kubahatisha hupata zote mara 1 katika 70.

Nyanya akaonja, akasukutua na maji, akaonja tena. Akapata tatu. Moja ya pakiti ikapenya. Akasema pilipili ndo imemzuga.

Haya, mwenye kubahatisha hupata tatu au zaidi mara 17 katika 70, hiyo p ni 0.24. Na hapo ndo nikaelewa, hiyo 0.24 haisemi nyanya ni mwongo kwa asilimia kadhaa, inasema tuchukulie hajui lolote, je matokeo mazuri kama haya au kuyashinda yangetokea mara ngapi? Hapo kwenye "tuchukulie hajui" ndo mlangoni, mie nilikuwa naingilia dirishani. Wala haijathibitisha kuwa hajui, bakuli nane ni chache mno. Nikamwambia, nyanya sijakataa ujuzi wako, nimeshindwa tu kuikataa ile dhana kwamba unabahatisha. Hakunisemesha mpaka magharibi.

kijana_nyali:
Nyie mnajisumbua, programu inafanya yote hayo, bonyeza tu.

mtu_wa_likoni:
Klasi yetu alibonyeza mtu, mwanamume 1, mwanamke 2, akasimama mbele za watu akasema wastani wa jinsia ni 1.6. Programu haikumkataza. Stevens, mwanasaikolojia, ashavigawa vipimo kwa aina tangu 1946, namba ambayo ni jina tu haina wastani.

binti_kongowea:
😂😂 1.6 ndo nani sasa

msichana_wa_tudor:
Mimi nilibonyeza, kijana. Hojaji ya kujithamini ya Rosenberg, maswali 10, matano yameulizwa kinyume, mie sikuyageuza alama. Alfa ya Cronbach, ile inayopima kama maswali yanakubaliana, ikatoka hasi. Nikalia usiku mzima nikidhani data imeharibika na wenye data washarudi kwao, kumbe ni kuzigeuza alama tu.

Halafu kwenye projekti hiyohiyo nikapata korilesheni, yaani kiasi cha vitu viwili kwenda pamoja, ya 0.31 kati ya saa za simuni na huzuni, nikaandika simu inaleta huzuni. Mamangu, ambaye hajui korilesheni, ananisikia nikisoma, akasema kwani si mwenye huzuni ndo hukimbilia simu? Nikanyamaza. Na ukiizidisha 0.31 kwa yenyewe ni kama 0.1, yaani katika tofauti za huzuni baina ya watu, simu inaendana na sehemu moja tu kati ya kumi, zile tisa ziko kwengine kabisa.

kijana_nyali:
Haya nimenyoosha mikono. Ila basi mniambie, mtu_wa_likoni siku zako zilikuwa tano, mbona uligawa kwa 4?

tuktuk_tatu:
Hilo niachieni mimi. Abiria watatu, viti vitatu nyuma. Wa kwanza anachagua, wa pili anachagua, wa tatu je? Anakaa palipobaki. Wastani ukishakuwa 20 na siku nne zishajulikana, ya tano haina uhuru, jumla lazima itimie 100. Nne tu ndo zimechagua kiti.