Nyie mnaotupigia Windows 11 kwenye laptopu zenye prosesa za Intel za kizazi cha 6 halafu mnanyamaza, Mungu anawaona

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Mwanzoni mwa 2025 nilinunua laptopu ya HP, EliteBook 840 G3, used ya Ulaya, Kariakoo, laki nne na nusu. Jamaa akaiwasha mbele yangu: "Dada, hii ina Windows 11 kabisa, hutahangaika tena." Nikalipa, nikapewa na begi la bure, nikatoka nimefurahi kama nimeokota.

Novemba ikaanza kunidai. Toleo la Windows 11 lililokuwemo, 23H2, mwisho wake wa kupewa masasisho ya usalama kwa Home na Pro ulikuwa tarehe 11 mwezi huo. Nikabonyeza itafute masasisho, ikanijibu kwamba kompyuta hii haikidhi vigezo vya Windows 11. Haikidhi, na imo humohumo! Ni sawa na kondakta akukatalie kupanda gari lililokwisha kukufikisha Ubungo.

Ndipo nikaigeuza laptopu nikasoma stika, prosesa ni i5-6300U. Ile 6 ya mwanzo ndiyo kizazi. Tangu 2021 Microsoft walisema wanataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka), na kwa Intel prosesa kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache mno za cha 7. Sasa hii iliingiaje? Kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kupigia window. Ukichoma Windows 11 kwenye flashi kinaibuka kidirisha, unaweka tiki ya kuondoa masharti, basi, fundi kamaliza kazi.

Tiki yenyewe sina ugomvi nayo. Mashine ina RAM ya GB 8 na SSD, inakwenda bila shida. Ninachokasirikia ni ukimya. Masasisho madogo ya kila mwezi yalikuwa yanaingia, kwa hiyo unalala usingizi ukijua uko salama, kumbe toleo jipya la mwaka haliji lenyewe kwenye mashine ya namna hii. Lazima mtu alilete kwa mkono. Fundi anajua. Muuzaji anajua. Asiyejua ni mwenye laki nne na nusu.

Nikarudi dukani. "Aa, hiyo kawaida dada, lete elfu thelathini tupige window upya." Na faili zangu? "Si utahamisha?" Humo mna hesabu za duka la mama, miaka miwili, na yeye anataka kufuta kila kitu kwa kazi isiyohitaji kufuta chochote!

Nimeifanya mwenyewe Jumamosi usiku. Nikashusha ISO, yaani faili moja lenye Windows nzima, zaidi ya GB 5, bando langu likalia. Kwenye rejista (registry, mipangilio ya ndani ya Windows) nikaongeza AllowUpgradesWithUnsupportedTPMOrCPU, thamani 1, nikaifungua ISO nikiwa ndani ya Windows, nikaanzisha setup na kuchagua faili zibaki. Njia hiyo Microsoft wenyewe waliwahi kuiandika kwenye tovuti yao, mwaka 2025 wakaitoa. Asubuhi niko toleo jipya zaidi, 24H2, hesabu za mama zote zipo. Nilizikopi kwenye hard disk nyingine kwanza lakini, msije mkanilaumu.

Mtakaokuja na "weka Linux", programu ya hesabu ya mama haifanyi kazi huko, nilishajaribu. Na mtakaosema "mbona yangu inapiga kazi", fungueni Start, andikeni winver mbonyeze Enter, kisha mrudi hapa mtuambie mmeona toleo gani.

Kuna wanaouza hata laptopu za Core 2 Duo, prosesa za zamani zaidi, "zenye Windows 11". Hao ndio wanaua kabisa. 24H2 haiwaki kwenye prosesa zile, hazina POPCNT, amri ya ndani ya prosesa ambayo 24H2 inailazimisha, na hilo hakuna tiki ya Rufus inayoliondoa. Mwambie mteja kabla hajatoa hela! Kama anataka abaki Windows 10, atajiandikisha apate masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, aamue mwenyewe.

Mwenye duka, kama unapita humu, begi lako njoo ulichukue. Zipu ilikatika wiki ya pili.