Vitamini D, glukosamini au mafuta ya samaki: kipi kinatuliza maumivu ya goti?

BintiTanga: Wanajukwaa, salaam. Mama yangu ana umri wa miaka 67, na daktari amesema gegedu za magoti yake (utando laini unaokinga ncha za mifupa) zimelika. Dukani ameonyeshwa vidonge vya vitamini D, glukosamini yenye kondroitini (virutubishi vinavyouzwa kwa ajili ya viungo) na mafuta ya samaki. Vyote kwa pamoja hatuvimudu, hivyo naomba ulinganisho kutoka kwa wenye ujuzi.

MfamasiaPwani: Dada, vitamini D haina ushahidi wa kutosha kwa goti lililolika: utafiti wa Marekani wa mwaka 2013, uliowafuatilia wagonjwa 146 kwa miaka 2, haukuona kwamba walioimeza walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Glukosamini ya miligramu 1,500 kwa siku, peke yake au pamoja na kondroitini, ilijaribiwa mwaka 2006 katika utafiti wa watu 1,583, nayo kwa ujumla haikufua dafu. Kundi dogo lenye maumivu makali zaidi lilionekana kunufaika na mchanganyiko huo, na bila shaka ndilo ambalo wauzaji hupenda kulitaja.

MzeeWaLamu: Mimi nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo. Mafuta ya samaki yamenipunguzia ukakamavu wa asubuhi, kiasi kwamba sasa nafunga vifungo vya shati mwenyewe, ingawa sijaacha methotreksati, dawa yangu ya ugonjwa huu.

MfamasiaPwani: Shikamoo mzee. Ugonjwa wako na wa mama huyu ni tofauti, na nafuu uliyoipata wewe si lazima aipate yeye. Wewe usikose asidi ya foliki, ambayo ni vitamini ya kundi B: haitulizi maumivu, bali hupunguza vidonda vya mdomo na kichefuchefu vinavyoletwa na methotreksati.

NesiMstaafu: Mwanangu BintiTanga, je, mama anatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), au hudhurika akila kamba au kaa? Glukosamini huweza kuzidisha nguvu ya warfarini hadi mtu akavuja damu, na nyingi hutengenezwa kwa maganda ya viumbe hao. Fedha hizo ningezielekeza kwenye jeli ya diklofenaki (dawa ya maumivu ya kupaka) na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja.

BintiTanga: Ahsanteni sana. Warfarini hatumii, lakini akila kamba hutokwa na vipele, kwa hiyo glukosamini nimeifuta. Jeli nitamuuliza daktari wake, kwa sababu anameza vidonge vya presha.