Kitongoji chetu kilimezwa na kijiji jirani: tudai ardhi, tudai jina, au tunyamaze?

Mleta mada:
Wakuu habari za saa hizi. Kwa babu yangu palikuwa na sehemu ndogo tu, kaya kumi na kitu, ila ina jina lake, kisima chake, miembe na makaburi. 1974 operesheni ya serikali ya kukusanya Watanzania vijijini ikapita, wakaambiwa beba vyombo mkajiunge na kijiji cha jirani kule barabarani, aliyechelewa akaezuliwa paa. Leo ukilitaja lile jina vijana wa kijijini wanakutolea macho, wao wanapaita "kule matongoni" basi, yaani kwenye mahame. Sasa kijiji kinaandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi na nimesikia matongo yote yanaingizwa kwenye malisho, makaburi humo humo. Wazee waliobaki wanasema turudishiwe kwetu. Wanakijiji wanasema miaka hamsini imepita mnatafuta nini. Nyie mnaonaje?

Mwanakijiji halisi:
Mkuu pole ila tuwe wakweli. Sheria ya vijiji ya 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250, sasa nyie kumi na kitu mngesajiliwa kama nini? Serikali ilete mwalimu, dawa na bomba kwa kila familia tatu zilizojificha nyuma ya mlima? Mimi nimesoma kwa sababu wazazi wangu walihamishiwa karibu na shule, bila hivyo saa hizi nachunga mbuzi. Na hao mnaowaita wamewameza ndio waliowapokea, wakamega mashamba yao wakawapa, hilo mbona hamlisemi?

Dada wa Songea:
Hapo kwenye shule sikupingi kaka, ila usichanganye kuungana na kuswagwa. Huku kwetu Litowa watu waliungana wenyewe, na Ruvuma Development Association yao ikafika vijiji 17 hivi, wanalima pamoja, shule wanaiendesha wenyewe, hakuna aliyekuja na lori. Chama, yaani TANU, kikaivunja 1969. Halafu hao hao Novemba 1973 wakatangaza kuishi kijijini sasa ni amri, mwisho 1976! Bibi yangu alikuwa anatembea asubuhi nzima kufuata shamba lake la zamani maana alilopewa lilikuwa kichanga kitupu, akifika nguruwe wameshamaliza. Na bomba la ahadi tulikuja kuliona mimi nikiwa darasa la sita, sasa huyo bibi aliyehamishwa kwa ajili ya maji alikuwa anakunywa nini miaka yote hiyo

Mzoefu wa mabaraza:
Naomba nitenganishe vitu viwili maana humu vinapikwa sufuria moja. Ardhi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kifungu cha 15 inasema ugawaji uliofanyika kati ya Januari 1970 na Desemba 1977 ni halali, yaani aliyepewa shamba wakati wa operesheni ni lake. Iliwekwa kwa sababu kesi zilikuwa zinafumuka, watu wanarudi kudai mashamba. Kuna ile kesi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani 1994 ikasema haki ya ardhi ya kimila ni mali na Katiba inailinda, sheria ya 1992 iliyotaka kuwafungia watu milango ya mahakama ikakatwa vifungu. Wengi wanaibeba kesi hiyo kama tiketi ya kurudi matongoni, ukifika baraza la ardhi unakutana na kifungu cha 15. Kwa hiyo mleta mada, shamba ambalo mtu alipewa kihalali miaka ile usiligombanie, utauza ng'ombe wote ulipe nauli. Lakini eneo ambalo hakugawiwa mtu yeyote ni mengine kabisa, hilo bado linaamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji, na nyie ni wanakijiji kama wengine, mna mikono ya kunyoosha.

Mwanakijiji halisi:
Hapo sawa. Makaburi yatengwe, hata mimi nanyoosha. Ila jina hapana, leo mtataka jina kesho mtataka mwenyekiti wa kitongoji, keshokutwa mpaka.

Mleta mada:
Sasa kaka jina linakula nini chako? Mimi shamba nimeshaliachia moyoni, waliopo pale wamezaliwa pale, nimfukuze nani. Ila mtu akizikwa mahali, mahali pale paitwe kitu, sio "matongoni" kama vile walikaa nguruwe pori. Na kuhusu mwenyekiti, dah, kitongoji cha miembe na makaburi nani atagombea?

Aliyeniambia mipaka ni mzee mmoja tu, anaitambua kwa miembe na jiwe la kusagia lililobaki palipokuwa jiko la mama yake, na macho yanaanza kufifia. Jumamosi naenda naye na simu nichukue pointi za jipiesi kabla wapima hawajafika. Mzoefu, hiyo ajenda naipeleka kwa mtendaji kwa barua au nisubiri mkutanoni niinuke?

Mzoefu wa mabaraza:
Barua, nakala ibaki kwako na igongwe muhuri. Ukisubiri ajenda ya mwisho ya mengineyo watu watakuwa wameshaanza kuondoka.